Jibini ya Jumanne

Barabara inayotenganisha kibanda cha chipsi cha Colombe Therrien na kiwanda cha jibini cha kaka yake Réal haina upana wa kumchosha hata kuku. Ukitoka mlangoni kwa Colombe ukapiga hatua arobaini, umeshafika mlangoni kwa Réal. Lakini kwa miaka minne Colombe hakuzipiga hatua hizo. Kila siku ya Mungu, kuanzia Mei hadi Septemba, saa mbili asubuhi, aliwasha gari lake linalokohoa akaenda mpaka Val-Morel, dakika arobaini kwenda na arobaini kurudi, kununua jibini ambayo sisi sote wa Sainte-Radegonde tunajua haifikii ya Réal hata kidogo. Na yeye alijua kuliko sisi. Ndiyo maana alikuwa akiamka na hasira zake tayari, hajanywa hata kahawa.

Msimwone mwendawazimu. Hapa kwetu jibini ya mabonge si kitu cha mchezo. Inatoka kwenye beseni la kiwandani saa tano asubuhi, inatiwa chumvi, inatiwa mifukoni, na mifuko inapangwa kaunta ikiwa bado vuguvugu. Haigusi friji. Ukitafuna bonge la siku hiyo, linalia menoni, chwii, chwii, mpaka aliyekaa pembeni yako analisikia. Likilala kwenye friji usiku mmoja tu, limenyamaza. Halijaharibika, la hasha. Unaweza kulikunia kwenye makaroni, au kumpa mgeni wa kutoka Toronto ambaye hajui kitu. Lakini kumtengenezea mtu wa hapa putini, chipsi za moto, mchuzi wa kahawia juu yake, halafu ukaweka jibini isiyolia, ni kumwambia waziwazi kwamba humheshimu.

Colombe alizaliwa ghorofani, juu ya kiwanda hicho hicho, miaka hamsini na minne iliyopita. Aliolewa na dereva wa malori ya magogo, wakakaa miaka tisa, mwisho wake akamfungia virago vyake vizuri akaviweka barazani. Baadaye akafungua kibanda. Chipsi zake zinakaangwa mara mbili. Mchuzi wake unaanza kupikwa alfajiri kwa mifupa na vitunguu, na anayethubutu kumuuliza kama ni wa pakiti hauziwi kitu siku hiyo. Kuna mtalii mmoja aliwahi kuagiza putini bila jibini. Colombe alimpa maelekezo ya kurudi barabara kuu. Juu ya dirisha la kibanda kuna ubao alioupaka rangi kwa mkono wake mwenyewe: YA LEO AU HAKUNA. Kwa miaka ishirini na miwili hakuwahi kuvunja ahadi ya ubao ule.

Sasa, huo ugomvi. Ulianzia kwenye chakula cha msiba wa mama yao.

Mama Albertine ndiye aliyekuwa roho ya kiwanda. Mumewe alikijenga, lakini yeye ndiye aliyekijua. Kila asubuhi, hata alipofika miaka themanini na minne, alishuka ngazi na mkongojo wake, akakunja mkono wa sweta, akatumbukiza kidole kwenye maziwa yaliyoganda, akakiinua taratibu na kuangalia yanavyopasuka. Akiridhika alisema neno moja tu: "Kata." Hapo ndipo Réal na wafanyakazi wake wawili waliingiza visu. Hakuna aliyekata kabla yake, hata siku alizokuwa na mafua na kuwasubirisha.

Alifariki mwezi Machi, siku ya Jumanne, baada ya chakula cha mchana. Alijilaza kidogo na hakuamka. Akazikwa Ijumaa. Kati ya siku hizo kiwanda hakikufungwa, maana ng'ombe hawana msiba, wanakamuliwa tu, na maziwa hayangoji. Réal hakukanyaga kazini, lakini wale wafanyakazi wawili waliendelea. Ijumaa hiyo saa tano, Colombe akiwa dirishani na nguo zake nyeusi, aliwaona kwa macho yake watu wakitoka kwa Réal na mifuko yenye ukungu kwa ndani. Jibini ya siku ile, ya moto.

Baada ya kuzika wakashuka ukumbi wa chini wa kanisa. Kulikuwa na supu ya njegere, pai za nyama, bitiruti za siki, sandwichi za hemu zilizokatwa kingo, na pai ya sukari ambayo watoto walikuwa wameshaizunguka. Meza ya mbele iliwekwa picha ya Mama Albertine, na kando ya picha bakuli la jibini alilolileta Réal mwenyewe, kwa mikono miwili. Padri alikuwa bado anatafuta miwani yake. Colombe akachukua bonge moja, akatafuna.

Kimya. Na baridi, baridi ya friji.

Akachukua la pili asije akawa anamsingizia mtu. Nalo halikulia. Akamgeukia kaka yake na kumuuliza, kwa sauti iliyofika mpaka jikoni, kama kweli amemletea mama yao jibini ya jana. Réal akafungua mdomo. Colombe hakungoja kilichokuwa kinataka kutoka. Alibeba bakuli, akaenda nalo kwenye pipa, akaikung'uta jibini yote juu ya sahani za karatasi, mbele ya padri, mbele ya shangazi zao, mbele ya nusu ya kijiji. Réal alivaa koti lake akaondoka kabla ya sala.

Basi. Tangu hapo hakuna aliyemsemesha mwenzake. Kijijini kila mtu alikuwa na tafsiri yake. Wengine walisema Réal amekuwa bahili, wengine wakasema msiba ulimchanganya, akakosea mfuko. Colombe alikuwa na yake, na ndiyo iliyokuwa ikimla: kwamba Réal aliuza jibini nzuri kaunta, akamletea mama masazo. Mama aliyewafundisha wote kutafuna. Akaapa kwamba bonge la kiwanda kile halitaingia kwenye chipsi zake maadamu yeye yu hai. Na hivyo akawa anaendesha gari.

Twende sasa kwenye Jumamosi ya mwezi Agosti, siku ya tamasha la matrekta kushindana kuvuta mizigo.

Siku hiyo watu hutoka kila upande, na kwa miaka yote kibanda cha Colombe ndicho kilichowalisha. Lakini mwaka uliotangulia jibini ilimwishia jioni mapema, na hakukubali kuuza hata sahani moja bila jibini ya leo. Watu wakalala njaa, wakalalamika. Mwenyekiti wa tamasha ni Ovila Poudrier, mkulima mstaafu, mtu wa kwanza kwenye foleni ya Colombe kila siku na mtu wa mwisho kunyamaza. Wiki mbili kabla, Ovila alimwambia, nusu utani nusu kweli, kuwa kuna gari la chipsi la mjini linaitaka nafasi ile. Wanaweka jibini ya pitsa iliyokwanguliwa, lakini haiwaishii kamwe. Kamati imegawanyika. Ukikwama tena mwaka huu, Colombe, mimi sitakuwa na maneno ya kukutetea. Na mtu asiye na siku ya tamasha hapa kwetu hana msimu.

Kwa hiyo Jumamosi ile Colombe aliondoka mapema kuliko kawaida. Alipofika Val-Morel alikuta uwanja wa kiwanda cha huko mtupu na msimamizi amekaa kwenye kreti anavuta sigara. Boila ya kuchemshia maziwa imekufa tangu usiku. Hakuna jibini leo. Ipo ya jana, kwenye friji, kreti mbili, anaitaka?

Colombe alisimama pale akimwangalia yule bwana kama vile yeye ndiye aliyeiua boila. Alitamani kusema hapana. Alifikiria watu mia tatu wenye njaa, akalifikiria lile gari la mjini, akabeba kreti zile mbili bila kuaga. Njiani kurudi akashikwa na trela lililobeba trekta la mashindano, linakwenda mwendo wa maandamano ya harusi, na nafasi ya kulipita haikutokea mpaka kijijini. Nyuma yake kulikuwa na magari kumi na mawili, na yote yalimpigia honi yeye.

Kibandani alimkuta Yvonne Lacerte, shoga yake wa miaka kumi na mitano na mwenzake wa kumenya viazi. Yvonne alizigusa kreti, akahisi ubaridi, akamtazama usoni.

"Shoga, usiniambie."

"Basi sikuambii. Leta maikroweva."

Wakajaribu. Sekunde kumi, mabonge yakalegea. Sekunde kumi na tano, yakashikana yakawa kitu cha kuzibia bomba. Wakajaribu kuyaloweka mfuko mzima kwenye maji ya moto. Yakatoka yameloa na yamenuna vile vile. Mwisho wakafanya kile ambacho kila mtu wa hapa amewahi kukifanya na kukikana: wakapanga mifuko juu ya dashibodi ya gari, upande wa jua, vioo vikiwa vimefungwa. Baada ya nusu saa jibini ilikuwa inatoa jasho la mafuta. Yvonne akatafuna bonge moja, akakaza shingo, akasikiliza. Alisema kama anasikia kitu kwa mbali. Colombe akamwambia hicho anachokisikia ni jino lake bovu.

Saa tano ikagonga kanisani. Foleni ilikuwa imeshafika kwenye bomba la zimamoto, na mbele yake, kama kawaida, Ovila, na beji ya mwenyekiti kifuani. Colombe akainua dirisha. Ubao ulikuwa juu ya kichwa chake, na alihisi uzito wake kabisa.

Ovila ana mazoea yake. Kabla ya kuagiza, hunyoosha mkono, akapewa bonge moja kavu, akaliweka upande wa kulia ambako ndiko kuna meno yake halisi. Watu wa mbele hunyamaza kumsubiri. Siku hiyo alitafuna, akatafuna tena. Akalihamishia upande wa kushoto, akalirudisha kulia. Akameza.

"Colombe," akasema, kwa upole ambao ulikuwa mbaya kuliko matusi, "hii haisemi kitu."

Colombe alijieleza: boila, Val-Morel, trela. Kadiri alivyoeleza ndivyo alivyojisikia anazama. Na hapo kutoka nyuma ya foleni, mtu mmoja ambaye mpaka leo hakuna anayekiri ni nani, akasema, "Si aitupe pipani, kama ile ya mama yake."

Wachache walicheka, wakajishtukia. Yvonne alikikaza mkononi kisu cha kumenyea viazi. Colombe alikauka uso, masikio yakawaka moto. Lililomchoma si lile neno. Ni kwamba lilikuwa la haki. Alikuwa amesimama pale, chini ya maandishi yake mwenyewe, anawapa watu kile kile kilichomfanya amfedheheshe kaka yake.

Kisirani cha siku ile hakikuishia hapo. Ng'ambo ya barabara mlango wa kiwanda ulifunguliwa, na mkewe Réal, Huguette, akaanza kupanga mifuko kaunta. Ukungu wake ulionekana kutoka huku. Mtu mmoja akachomoka kwenye foleni, akavuka, akanunua mfuko, akarudi mahali pake. Akafuata wa pili. Halafu wakawa sita, halafu sikuweza kuona mwisho wao. Na wa kwanza wao alipofika dirishani akaweka mfuko wake mbele ya Colombe, akasema bila kumtazama machoni, "Nipe chipsi na mchuzi tu, dada. Jibini ninayo."

Colombe alimuuzia. Angefanya nini? Akamuuzia na wa pili. Alimwaga mchuzi wake wa alfajiri juu ya chipsi zake za kukaangwa mara mbili, akasimama anatazama watu wakimalizia putini yake kwa jibini ya Réal, pale pale kwenye meza zake, na ikilia. Kutoka ndani ya kibanda aliisikia. Chwii, chwii, meza nzima.

Ovila alikuwa bado amesimama pembeni. Akasogea, akamnong'oneza kuwa saa sita kamili uwanja mzima utashuka kuja kula, na hawa hawatakuwa na muda wa kupanga foleni mbili. Ama apate jibini ya kuwekea watu, ama yeye ampigie simu yule wa gari la mjini sasa hivi. Alisema samahani, na alikuwa anamaanisha.

Yvonne akaanza kufungua aproni yake. Akasema atakwenda yeye, achukue kreti tatu, arudi, hakuna atakayejua nani kaomba. Colombe akamwambia wote watajua, wameshajipanga kama wako misani. Na kulikuwa na jambo jingine ambalo hakumwambia: kwa miaka minne alikuwa na swali moja kooni, na alikuwa amechoka kulimeza kila asubuhi na kahawa.

"Nakwenda mwenyewe," akasema. "Wewe angalia mafuta yasiungue."

Hatua arobaini. Foleni yote ilimsindikiza kwa macho. Trekta lililokuwa linapita lilisimama kumpisha, na dereva akavua kofia, jambo lililomuudhi zaidi ya yote ya siku ile.

Ndani kulikuwa na joto na harufu ya maziwa, ile ile, harufu ya nguo zake za shule za utotoni. Huguette alipomwona mlangoni alidondosha tepe ya kufungia mifuko. "Karibu, wifi," akanong'ona, akakimbilia stoo kutafuta kitu ambacho hakikuwepo. Réal alikuwa kwenye meza ya chumvi, buti nyeupe, mikono mitupu mpaka kwenye viwiko, anageuzageuza mabonge. Alikuwa amempa mgongo. Kiwandani pale kila anayeingia anapewa bonge kabla ya salamu. Réal alisikia mlango, akachota moja, akageuka amelinyoosha. Ndipo akaona amemnyooshea nani.

Mkono haukurudi. Colombe akalichukua, akaliweka mdomoni. Lilikuwa la moto, chumvi ndiyo kwanza inaingia, na lililia mpaka kwenye mifupa ya masikio. Miaka minne hakuwa ameitafuna. Ilikuwa tamu kiasi cha kumtia uchungu, na akazidi kukasirika.

Akaomba kreti tatu. Réal akaanza kujaza. Hakuuliza kitu, hakumsimanga, hakusema hata zile kejeli ambazo Colombe alikuwa amejiandaa kuzijibu. Alijaza tu, konzi baada ya konzi. Ule ukimya ndio uliomfungulia Colombe koo.

"Siku ile ulikuwa nayo hii. Niliwaona watu wakitoka nayo. Kwa nini ulimletea mama ya jana?"

Réal akaendelea na konzi zake. "Haikuwa ya jana."

"Usinifanye mtoto, Réal. Niliitafuna."

"Haikuwa ya jana," akasema tena. Akakung'uta chumvi mikononi, akamtazama kwa mara ya kwanza. "Ilikuwa ya Jumanne."

Colombe alihesabu siku kimoyomoyo: Jumanne ndiyo siku aliyofariki mama.

Réal si mtu wa maneno, na alilieleza vibaya, akianzia mwisho, akirudi nyuma. Jumanne ile mama alishuka kama kawaida. Akatumbukiza kidole, akasema kata, wakakata. Saa tano akala bonge moja, akalalamikia chumvi, akapanda juu kula na kulala. Walipomkuta, Réal alishuka kaunta akaokota mifuko ya siku ile iliyobaki, mitatu, akaificha ili isiuzwe. Hakuwa anajua ataifanyia nini. Alhamisi usiku ndipo alipojua. Angeiweka mbele ya picha, na kabla ya sala angesimama awaambie watu kuwa hii ndiyo ya mwisho aliyoisemea kata, kila mtu achukue bonge moja. Aliandika kwenye karatasi asije akasahau. Karatasi ilikuwa mfukoni mwa koti.

"Nilikuwa nangoja padri apate miwani yake," akasema.

Colombe alishika ukingo wa meza. Aliliona tena lile pipa la ukumbini, lenye mfuko wa kijani ndani. Alikumbuka kuwa aliligonga bakuli mara mbili chini ili yote itoke.

"Mbona hukusema?"

"Ilikuwa imeshaingia pipani. Ningesema nini, mdogo wangu? Mbele ya wale watu wote? Kwamba umemtupa mama?"

"Ungesema kesho yake. Ungesema wiki inayofuata."

Réal akakiri kuwa kwanza alikuwa na hasira, hasira ya kutotaka hata kuona paa la kibanda chake. Zilichukua kama mwaka. Zilipopungua akafikiria kuvuka, akafika hata barazani siku mbili tatu. Lakini kila alipofikiria atakavyomwambia, aliona heri yeye aitwe bahili na kijiji kizima kuliko Colombe ajue alichokitupa. Akamzuia na Huguette asiseme.

Colombe alitamani kumpiga na mwiko mkubwa wa chuma uliokuwa mezani. Nasema kweli, aliutazama. Miaka minne ya kuamka na nyongo, miaka minne ya barabara ya Val-Morel kwenye mvua na vumbi, kununua jibini asiyoipenda kutoka kwa watu asiowapenda, kwa sababu ya huruma ya mtu aliyekaa hatua arobaini kutoka kwake, amenyamaza. Akamwambia hivyo, na maneno mengine ambayo Huguette aliyasikia stoo na hajayarudia. Akamwambia angeumia, ndiyo, angeumia mpaka kufa, lakini angeumia akiwa na kaka. Akajifuta uso kwa aproni yenye harufu ya mafuta ya chipsi, akabaki ameyaficha macho ndani yake.

Nje honi zilianza. Ovila alikuwa anaita jina lake kutoka ng'ambo.

"Ulisema mifuko mitatu," Colombe akasema akiwa bado ameficha uso kwenye aproni. "Bakulini uliweka mingapi?"

Réal akasita. "Miwili."

Friji la barafu liko kona ya nyuma, chini ya madirisha. Réal aliinama akaondoa siagi, akaondoa mifuko ya matunda ya Huguette, akatoka na kifurushi kidogo cheupe kwa barafu, kimeandikwa tarehe kwa kalamu. Aliisugua tarehe kwa kidole gumba. Akasema haitalia.

"Najua haitalia. Lete."

Mabonge yalikuwa yamegandamana. Colombe alivunja moja kwa ukucha, likamomonyoka pembeni. Akaliweka ulimini, wala hakulimeza. Lilikuwa na ladha ya barafu na ya friji, na nyuma yake, mbali, chumvi iliyozidi. Mama alikuwa na haki ya kulalamika. Réal alifunga mfuko upya akaurudisha chini ya siagi, halafu akapanga kreti tatu moja juu ya nyingine, akazibeba zote kwa mpigo, mtu wa miaka sitini na mgongo wake mbovu, akatangulia mlangoni.

Walivuka pamoja. Foleni iliyokuwa inapiga kelele ikawapisha njia. Réal akatua kreti kibandani, akamsalimu Yvonne, akaulizia kama mafuta yapo sawa, akarudi kwake bila kumtazama mtu. Colombe akafunga aproni vizuri, akajaza sahani ya kwanza: chipsi, mabonge kwa konzi mbili, mchuzi juu mpaka yakaanza kulegea kingo. Akamsukumia Ovila.

Ovila akachagua bonge, akaliweka upande wa kulia. Likalia. Foleni nzima ikapumua, na mtu akapiga makofi. Ovila akatikisa kichwa kwa raha, akala, akala tena, kisha akamkazia macho Colombe, ambaye shavu lake la kushoto lilikuwa linatembea taratibu.

"Na wewe unatafuna nini muda wote huo?" akamuuliza. "Mbona hailii?"

"Kula, Ovila," Colombe akasema, machozi yakimteremka mpaka kidevuni na wala hayafuti. "Kula uondoke, watu wana njaa."